A na B Zatosha Barua Moja

Jumapili, 10 Januari 1999
Leo gharama ya kutuma barua imepanda hadi senti thelathini na tatu. Mji mzima wa Port Huron unalalamika. Mimi silalamiki. Nina sanduku la viatu.

Lilikuwa la marehemu Fitch, mkusanyaji stempu mwenzangu. Mjane wake aliniuzia kwa bei ya kutupa, kwa kuwa stempu zilizomo hazina tarakimu, zina herufi tu, na kila aliyemwuliza thamani yake alijikuna kichwa. Mimi sikujikuna. A ilitolewa mwaka 1978: senti kumi na tano. B, mwaka 1981: senti kumi na nane. Jumlisha. Thelathini na tatu kamili. Wengine wakapange foleni posta wanunue ile stempu ya jogoo, ya senti moja, kuongezea stempu zao za mwaka jana. Sina haja na jogoo.

Mke wangu, Lorraine, ameuliza nina barua gani za kutuma. Nimemjibu kwamba bado sijazipata. Akasema basi nina sanduku la viatu.

Jumanne, 12 Januari
Barua zimepatikana. Nilikuwa kwa kinyozi, taulo la moto usoni, alipoingia Ruhl, daktari wa meno mstaafu, mpinzani wangu katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Klabu ya Stempu. Hakunitambua. Alimwambia mwenzake kwamba akishinda atatuunganisha na klabu ya watu wa sarafu. Kabati letu la mwaloni litauzwa. Tutakutana kwenye chumba chao cha chini ya ardhi, kando ya tangi la maji moto. Stempu, kwenye unyevu! Wanachama hawajui lolote.

Kura ni tarehe 21. Nimekuwa katibu miaka kumi na tisa. Kuzungumzia uchaguzi mkutanoni ni marufuku. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, ili kumnyamazisha Ruhl. Kwa hiyo nitawaandikia.

Jumatano, 13 Januari
Ukurasa mmoja, nakala kwa kila mwanachama, kila mkato mahali pake, hila ya Ruhl imeanikwa yote. Lorraine alishauri nipige simu. Nilimweleza kwamba mambo mazito huandikwa.

Posta, karani Dolores aligeuza bahasha juu chini, akamwita mkubwa wake, mkubwa akafungua kitabu. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Hatimaye Dolores akasema haya, mzee, A na B zinatosha, ila siku nyingine nunua mpya kama wenzio, watu wana kazi.

Ilibaki ya Bi Urquhart, mwanachama wetu wa miaka mingi, aliye Sarnia, ng'ambo ya daraja, nchini Kanada. Huko ni senti arobaini na sita. Nilibandika A mbili na B moja. Senti mbili za ziada ni zawadi yangu kwa Malkia wao. Dolores akaanza kusema jambo kuhusu Kanada. Nilimwambia nilikuwa nikibandika stempu kabla hajazaliwa, nikaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la posta.

Jumamosi, 16 Januari
Hakuna aliyepiga simu. Nilitarajia ghadhabu.

Nimekutana na Wendell Kopp, mweka hazina wetu, penye viazi dukani. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema ameipata barua yangu na hajaona kitu kizuri kama kile kwa miaka. Ameiweka pakavu, penye giza, iwe urithi wa wajukuu. Hiyo ni kura.

Jumanne, 19 Januari
Barua ya Sarnia imerudi. Ina muhuri wenye picha ya mkono, kidole kimeelekezwa kwenye anwani yangu: irudi kwa mtumaji. Stempu za herufi ni za ndani ya nchi tu. Nalijua hilo. Niliwahi kulitolea mhadhara klabuni.

Ruhl, yasemekana, alivuka daraja Jumapili kumpelekea Bi Urquhart pai ya tufaha.

Alhamisi, 21 Januari
Nimepata kura moja. Nautambua mwandiko.

Ruhl akasimama, akatangaza habari ya watu wa sarafu. Ukumbi ukachafuka. Kopp akanigeukia mbele ya wote: "Klimek, wewe ndiye katibu. Mbona hukutuambia?"

Nikasema niliwaandikia kila mmoja. Kisha Kopp akanieleza polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Bahasha yenye A na B, ina muhuri wa wiki ya kwanza ya bei mpya. Mzee, nani aichane? Wewe ungeichana?"

Nisingeichana. Ninayo nyumbani ya kaka yangu, ya mwaka 1978, yenye A safi kabisa. Kaka amekwisha kufa. Sijui aliandika nini.

Wakati wa kuvaa makoti Ruhl akaniuliza kwa upole iwapo ningemwuzia ile iliyorudi kutoka Kanada. Alisema ndiyo bora kuliko zote. Ni kweli, na simpi.

Ijumaa, 22 Januari
Klabu haijahama bado. Nimeandika pingamizi kwa wanachama wote, kurasa tatu. Likisomwa, uchaguzi utarudiwa. Lorraine amesema niliandike kwenye kadi, kadi haina cha kufungua. Nilimwuliza ni nani kati yetu aliye katibu. Akazima taa ya jikoni nikiwa ndani.

Chini kabisa ya sanduku la Fitch nimewakuta njiwa: stempu za nyongeza za mwaka 1994, hazina hata herufi. Senti tatu kila moja. Njiwa kumi na mmoja ni thelathini na tatu kamili. Nimewapanga kuzunguka bahasha yote, weupe, mabawa wazi. Sijapata kuona bahasha nzuri namna hii. Safari hii hakuna atakayeweza kuipuuza.

Ya Bi Urquhart inahitaji njiwa kumi na watano na senti moja. Kesho asubuhi nitapanga foleni kununua jogoo.