Mtani Wangu wa Kadutu

Jumatatu, 8 Aprili 1957

Mvua tena. Huu mji wa Bukavu umejengwa ndani ya wingu. Nimelala na koti. Hata hivyo kazi inakwenda vizuri. Nashona barazani kwa Mgiriki mmoja pale Nyawera, na wateja wanasema fundi wa Tabora ana mkono. Nilijua! Nilimwambia Eulalia tangu siku ya harusi kwamba Kongo inamngoja mtu kama mimi.

Tatizo ni Eulalia. Leo nimemkuta ameketi mlangoni na ungo mtupu mapajani. Amesema tangu tushuke kwenye lori hakuna mwanamke wa mtaa huu wa Kadutu aliyepiga hodi kwake. Wanapita na ndoo zao, wanatazama, wanapita. Wanatuita Bangereza, kwa kuwa tumetoka upande wa Waingereza. Mimi Mnyamwezi, niitwe Mwingereza! Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba atangoja hadi Pasaka. Pasaka ikipita bila mtu kumwita kwa jina mlangoni pake, atapanda lori la Uvira, kisha meli, arudi kwa mama yake. Niende naye au nibaki, hiari yangu.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nimeogopa, wacha niandike ukweli. Nyumba hii bila Eulalia ni kibanda chenye cherehani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimepata dawa! Nimeipata nikipiga pasi suruali ya karani mmoja, na suruali imeungua kidogo, lakini haidhuru.

Tumekosa nini hapa? Mtani! Kwetu, Mnyamwezi akikutana na Mzaramo, hata kama hajui jina lake, anamtukana babu yake, anachukua kuku wake, anamla. Mzaramo anacheka, maana kesho atachukua wa kwako. Hakuna polisi wala kinyongo. Ndivyo walivyopatana wazee wetu wa misafara. Ukiwa na mtani, ugeni umekwisha. Sasa hapa Kadutu hakuna Mzaramo hata wa dawa. Basi tutamteua mtu.

Nimemteua jirani yetu Télesphore. Ni Mshi, kabila la wenyeji wa hapa, ndiye mpiga kengele wa parokia. Suti nyeusi, uso wa mlango uliofungwa. Tangu tufike sijaona meno yake. Mkewe, Clémence, ndiye kinara wa wanawake pale bombani. Akimsalimu Eulalia, Kadutu nzima itamsalimu. Na Télesphore ana jogoo mwekundu, mnene, anayemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Kila kitu kimejipanga!

Eulalia kauliza kama Télesphore anajua kwamba yeye ni mtani wetu. Nimemjibu atajua jogoo akishaliwa. Wanawake hawana kichwa cha siasa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemchukua! Mchana kweupe, kama mila inavyotaka. Clémence alikuwa uani akitwanga sombe, kisamvu chao. Nikaingia, nikamkamata jogoo mabawa, nikatangaza kwa sauti kwamba babu yake Télesphore alikuwa na miguu ya chura, nikacheka sana, nikatoka. Clémence alibaki ameinua mchi hewani. Nadhani ilikuwa furaha.

Nikamchinja. Eulalia akagoma kumpika. Akanikumbusha kwamba leo ni Ijumaa, tena ya Kwaresima. Nilikuwa nimesahau kabisa! Lakini utani ukishaanza hauahirishwi. Nikampika mwenyewe, nikala paja moja kwa ajili ya mila, nikaomba toba papo hapo. Halafu nikala la pili, kwa kuwa toba ilikuwa imeshaombwa.

Jioni wakaja polisi. Nyuma yao Télesphore, ananinyooshea kidole, anapiga kelele mtaa mzima usikie: "Huyu muntu iko mwizi! Tena anaiba siku ya Ijumaa, mu Karema! Ile kuku ilikuwa ya Pasaka!" Karema kwao ndiyo Kwaresima. Nikamtukana babu yake mara ya pili, ili kumkumbusha. Haikusaidia. Nimeitwa mbele ya baraza la hukumu Jumanne.

Jumanne, 16 Aprili

Baraza limejaa hadi madirishani. Umaarufu wangu unakua! Hakimu ni Muzee Bisimwa, mtu wa makamo, mwenye miwani na subira. Nikaeleza utani tangu mwanzo, kwa Kiswahili safi cha Tabora: misafara, mizigo ya pembe, wapagazi waliozikana njiani. Watu kimya. Heshima tupu. Nilipomaliza, Muzee Bisimwa akavua miwani, kalamu ikiwa juu ya karatasi, akauliza: "Mbele niandike, Papa. Kwenu batu banaiba na sheria?"

Nikajibu ndiyo, kwa shangwe, maana hatimaye mtu alikuwa ameelewa. Ukumbi ukavuma. Clémence akafanya ishara ya msalaba.

Hukumu: Télesphore apokee jogoo mwingine kutoka mkononi mwangu, mbele ya watu, kabla jua la Ijumaa Kuu halijazama. La sivyo mimi na mke wangu tutapakiwa kwenye lori na kurudishwa Tanganyika.

Nimeshinda! Ukitazama vizuri, baraza limekiri kwamba mimi na Télesphore tunapeana kuku. Utani ndio huo, sasa una hadi muhuri wa serikali.

Eulalia haoni ushindi. Amenisihi niende leo hii nikaombe radhi kwa Télesphore. Nimemweleza kwa upole kwamba mtani akiomba radhi, utani umekufa. Akainuka, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Kwanza zake. Baada ya muda nikaona anakunja na zangu. Sijui kwa nini hilo ndilo limeniuma zaidi.

Alhamisi Kuu, 18 Aprili

Jogoo nimempata sokoni Nyawera. Mweupe, mrefu, mwenye hasira. Amemdonoa Mgiriki wangu kidole, na Mgiriki amenidonoa mimi kwa maneno.

Nikampelekea Télesphore. Akafunga mlango. Nikamvizia njiani, akavuka upande wa pili. Nikapiga hodi dirishani, Clémence akanijibu bila kulifungua: mume wake hagusi kitu cha mukono yangu, hata kama ni dhahabu ya Shabunda. Mjanja yule! Anangoja Ijumaa ipite tupakiwe kwenye lori.

Lakini mimi si mtoto. Kesho mchana Télesphore atakuwa kanisani, na mlango wa kanisa hana ruhusa ya kuufunga. Watu wote watakuwapo. Ibada ikiisha tu, kabla hajapata pa kukimbilia, namwekea jogoo mikononi! Jogoo ataingia ndani ya koti. Nitamfunga miguu kwa utepe na mdomo kwa uzi. Mtu akiwa fundi, ni fundi.

Eulalia sijamwambia. Sanduku limejaa. Nje amebakiza sufuria moja na mwiko.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Uzi wa Mgiriki ni mbovu! Nimemwambia mara nyingi, haagizi uzi wa maana.

Kanisa limefurika. Nimeketi karibu na mbele, koti limefungwa vifungo vyote, Eulalia upande wa wanawake. Télesphore amesimama kando ya altare, mweusi, mkavu. Padri anatueleza Mateso kwa Kiswahili, polepole, kila mtu ameinamisha kichwa. Petro akakana mara ya kwanza. Jogoo akajigeuza kifuani pangu. Petro akakana mara ya pili. Nikambana kwa kiwiko. Petro akakana mara ya tatu. Padri akavuta pumzi, akasema, "Na mara hiyo..."

Akawika.

Sijawahi kusikia jogoo wa namna ile. Padri akaganda, kidole juu ya mstari. Kanisa zima likageuka. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikajifanya nakohoa, na yule mnyama akatoa kichwa kwenye kola yangu, hapa chini ya kidevu, akamtazama Padri, akawika tena.

Nikaona lori. Nikaona Eulalia juu ya lori.

Ndipo ikasikika sauti huko mbele, ya kukwaruza. Ni Télesphore! Ameshika nguzo kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Akajaribu kuizuia, ikamshinda. Akajaribu kukohoa, ikamtoka puani. Mwisho akakimbilia sakristia, na huko tukamsikia akicheka hadi anaita mama yake. Wanawake wakajifunika nyuso kwa vitambaa. Padri akasubiri, mwekundu masikio yote, kisha akaendelea. Nadhani kuna mahali aliruka.

Nje, jua bado liko juu, Télesphore akanijia, macho yamelowa, watu wametuzunguka. Akanyoosha mikono. Nikampa jogoo. Muzee Bisimwa alikuwapo, akatikisa kichwa: imetosha. Halafu Télesphore akasema kwa nguvu: "Weye Mungereza! Babu yako alizaa mupumbafu, na ule mupumbafu akazaa weye!"

Babu yangu! Mbele ya parokia nzima! Nikakunja ngumi. Eulalia akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba ndio utani wenyewe ninaoulilia tangu wiki iliyopita. Kweli bwana. Nikacheka, ingawa kwa kuchelewa.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Asubuhi baada ya Misa Eulalia aliketi juu ya sanduku, karibu na mlango, amevaa viatu vya safari. Nikakaa chini karibu naye. Mvua ilikuwa imekata.

Hodi! Sauti ya Clémence: "Maman Eulalie! Maman Eulalie, uko? Toka inje tukuone!"

Eulalia akaruka. Nje kulikuwa na Clémence, na nyuma yake Georgette wa kona, na Virginie muuza mkaa, na wengine ambao siwajui, wengine na watoto mgongoni. Wamecheka tangu Ijumaa, wamesema, hadi mbavu zinauma. Wamekuja kumwona mwanamke anayeishi na mume wa namna hii. Wamempa pole. Clémence akamshika mabega, akasema angejua mapema shida anayoishi nayo humo ndani, angekuja siku ya kwanza. Eulalia akacheka kwa meno yote, cheko la Tabora, ambalo nilikuwa sijalisikia tangu tuvuke ziwa.

Nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni. Kuni zilikuwa mbele ya nyumba. Nilikuwa na moshi machoni.

Tukapika pilau, mchele wa Luvungi. Nilipoinama kuonja, Télesphore akaingia bila hodi, akabeba sufuria kutoka mafigani kwa mikono yake, akapaza sauti, "Utani!" akatoka nayo. Pilau yangu! Nikamkimbiza barabarani nikipiga yowe la mwizi, nikiita polisi. Polisi alipatikana upesi: alikuwa ameketi mlangoni kwa Télesphore, na sahani mkononi, anangoja. Muzee Bisimwa pembeni yake.

Basi tukala huko, mtaa mzima, pilau na jogoo mweupe. Mnyama mgumu kutafuna, lakini sasa ana jina mtaani. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Eulalia amelala akiwa bado anacheka.

Jumatatu, 22 Aprili

Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga. Hatua kwa hatua! Jogoo, baraza, kanisa, pilau. Eulalia anadai nilipata bahati tu. Nimemsamehe, ana wageni wengi siku hizi na hapati nafasi ya kufikiri.

Leo, nikirudi Nyawera, nimemwona Mbelgiji mkuu wa mji akipita. Ana sare nyeupe, kofia ngumu yenye nembo ya dhahabu, na uso usiocheka. Watu wote wanashuka njia kumpisha. Hakuna anayemsogelea. Nimemhurumia hadi moyoni. Miaka yote hii nchini, mgeni kama sisi, na hana mtani hata mmoja! Wazungu wote hawa, na hakuna aliyewasaidia.

Kesho asubuhi atakagua askari mbele ya ofisi. Watu watajaa. Nitajipenyeza hadi mbele, nitamvua ile kofia, nitaivaa mimi, kisha nitaanza na babu yake.