Bia Yenye Gesi kwa Mahari ya Benie

Jumatatu, 3 Juni 2024
Ushindi! Kaka Kasongo amekubali. Jumamosi wakwe wakileta mahari ya binti yake Benie, watakunywa bia yangu ya mahindi, kutoka pipani, yenye povu kama ya kiwandani! Ila nikiharibu, kiti changu cha baba mdogo mbele ya wakwe atakikalia shemeji Daudi, muuza bia za chupa. Daudi! Labda nife kwanza.

Jumatano, 5 Juni
Mtungi wa gesi ya kaboni, ile inayotia bia povu, umefika hapa Mangobo kwa toleka, teksi yetu ya baiskeli, umelazwa juu ya kiti. Hélène, fundi wa kuchomelea aliyeniazima mtungi huo, alikuja mbio. Eti mtungi husimama, tena hufungwa ukutani. Eti madirisha yawe wazi. Akanipa détendeur, kifaa chenye mshale kinachopunguza nguvu ya gesi. "Tonton Israël, hii kitu iko na nguvu, hein! Bila détendeur, usifungule." Mafundi wanapenda kututisha.

Alhamisi, 6 Juni
Bomba halikai vizuri kwenye pipa. Watu wa toleka hufunga nini kwa vipande vya mpira wa baiskeli? Kila kitu! Nami nikafunga. Hélène alisema nipake povu la sabuni kwenye maungio, eti nione gesi inapotoka. Nikapaka. Mapovu yakavimba, yakacheza. Safi sana, gesi ipo tele! Madirisha nimefunga yote, Daudi asiibe siri. Kichwa kikaanza kuzunguka. Furaha ya ajabu! Mke wangu akanivuta nje kwa mguu, anapiga kelele. Hajui sayansi.

Jumamosi, 8 Juni
Wakwe wamekaa, namimina, bia imelala kama uji. Hakuna povu! Daudi akakohoa, akitazama kiti changu. Nikawaza haraka: kifaa kinapunguza nguvu, na mimi nataka nguvu. Nikakitoa! Nikafungua mtungi wote.

Mfuniko wa pipa ukapita juu ya paa. Bia ikawaosha wakwe, ikaosha na suti ya Kaka Kasongo. Hélène, aliyekuja kuchunga mtungi wake, ndiye aliyeurukia akaufunga. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Daudi akagawa chupa zake, kisha akakaa. Kwenye kiti changu. Niliumia sana.

Jumapili, 9 Juni
Kaka hataki kuniona. Hélène amechukua mtungi wake. Lakini baba mkwe wa Benie alilamba midomo, nilimwona! Nimewaza tangu asubuhi na kosa nimelipata. Ule mpira niliofungia bomba ulikuwa wa baiskeli. Kesho natafuta wa lori.