Fundi Mwenyewe Yupo?

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena! Mteja kaingia karakana, kaniona na nyundo mkononi, misumari mdomoni, kauliza fundi yupo. Nikatema misumari, nikamwambia ndiye mimi. Akasema hapana, fundi mwenyewe.

Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Karakana ya makochi ni yetu wawili, nusu kwa nusu. Mimi ndiye mkubwa kwa umri, nina sauti nzuri, na kwa kutoa ahadi hanifikii. Hata hivyo watu humwachia yeye viti vya wazazi wao, siri za ndoa zao, na leo, ufunguo wa nyumba! Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili kamkabidhi, akachukue kochi la marehemu mumewe na kulivika kitambaa kipya. Kampa ufunguo kama anayempa jirani chumvi.

Wanaona nini kwake? Nimemwuliza mwenyewe. Kasema akisema Alhamisi, inakuwa Alhamisi. Basi! Ananiona mtoto. Lazima kuna kitu kingine.

Jumanne, 5 Machi

Nimemchunguza shemeji mchana kutwa. Huongea polepole. Hukuna kidevu kabla ya kujibu. Huvaa miwani.

Ni miwani! Mwenye miwani huonekana amesoma mpaka maandishi madogo ya chini. Nikaazima ya baba mkwe. Dunia nzima ikaingia majini. Lakini mteja wa kwanza kaniamini papo hapo, kaniachia kitambaa chake nikate. Nilikipakata, nikakata. Nikakata na suruali yangu iliyokuwa chini yake.

Nimemwambia mke wangu ni ajali ya kazini. Kasema suruali zangu hupata ajali nyingi kuliko malori.

Jumatano, 6 Machi

Nafasi imekuja! Shemeji anasafiri kukagua mbao, atarudi keshokutwa. Kochi la Mwalimu limekwisha. Kaniachia ule ufunguo. Kasema nilipeleke kesho saa kumi, Mwalimu akiwa nyumbani, nipige hodi, nimkabidhi kochi na ufunguo mkononi.

Nikamwuliza mbele ya dada yake kama ananiamini. Kakuna kidevu. Kakuna sana.

“Wewe ni mume wa dada yangu,” akasema.

Nimeligeuza jibu hili huku na huku kama sarafu iliyofutika chapa. Sijapata kama ni ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango: mtu akikutarajia saa kumi, mfikie saa tano! Saa hizo Mwalimu huwa sokoni; arudi akute kochi limeshakaa mahali pake. Nani hatamwamini fundi kama huyo?

Nikafungua mlango. Mimi na mwenye mkokoteni tukaliweka kochi karibu na dirisha. Mwenye mkokoteni kaenda zake. Mimi nikabaki. Naapa si kwa ubaya! Nilitaka tu kuuona uso wake. Uso wa mtu anapoanza kukuamini unakuwaje? Sijawahi kuuona kwa karibu. Nikajibanza nyuma ya kochi.

Mwalimu akaingia. Akaketi, akapapasa kitambaa, akaanza kuzungumza na marehemu. Kamwambia wamepata rangi ileile aliyoipenda. Kamwambia nyumba imekuwa kubwa siku hizi, na jioni hujikuta ameandaa vikombe viwili.

Hapo nikajua sikupaswa kuwa pale. Nikaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Goti likalia kama bawaba kavu. Mwalimu, kwa sauti ndogo sana, akauliza, “Ni wewe, mume wangu?”

Nikajibu hapana, ni yule fundi mwingine.

Mayowe! Majirani wakaja na fagio, mwiko, mmoja na mguu wa meza. Nikajieleza. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na kadiri nilivyosema ndivyo yalivyozidi kunuka. Hata ufunguo mfukoni haukunisaidia. Uliniongezea kosa.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi mke wangu hakunisemesha. Chai kaimimina kwenye kikombe changu huku akitazama ukuta.

Shemeji karudi, akataka twende wote kwa Mwalimu. Njiani nikamshauri aseme nilikuwa natafuta msumari ulioanguka. Kakataa. Mbele ya Mwalimu kasema yote yalivyokuwa, na kwamba kosa ni lake, kwa maana yeye ndiye aliyepewa ufunguo. Nilidhani tumekwisha. Mwalimu kampa viti vinne vya meza avitengeneze! Amebeba kosa lisilo lake, na kazi imeongezeka. Huu ujanja wake sijauelewa.

Tukiwa tunaaga, Mwalimu akaniita pembeni, kauliza kama nilisikia aliyomwambia mumewe. Nilitaka kusema hapana. Sijui kwa nini nikasema ndiyo. Akasema basi, yale ya vikombe yabaki kwangu, asiyasikie mtu. Nikaahidi. Mke wangu akanibana jioni nimwambie nilisikia nini, nikanyamaza.

Lakini uso wa imani sikuuona. Mwalimu bado hajaniamini hata kidogo, maskini.

Jumamosi, 9 Machi

Siamini! Shemeji kanikabidhi karakana. Kasema anakwenda kununua sponji na nyuzi, nipokee wateja mpaka arudi. Baada ya yote yale! Machozi yalinilenga.

Kisha nikajiuliza: kwa nini? Mtu hakuamini bure. Lazima amejibanza mahali ananichungulia.

Nikafunga karakana, nikamfuata. Akaingia duka la sponji, mimi nyuma ya lori la mchanga. Akaingia duka la nyuzi, mimi nyuma ya magunia. Akaenda hata kwa kinyozi, akanyolewa bila haraka, amefumba macho. Hakugeuka hata mara moja kunitafuta!

Niliporudi, wateja watatu walikuwa wameshabeba viti vyao kupeleka kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara. Hayo madogo. Kubwa ni hili: mtu asiyekuchungulia kabisa namna ile, ana jambo. Jumatatu nitaanza kumfuata mapema zaidi.