Pasipoti Iliyotoka Siku ya Sita

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Pasipoti,
Ghorofa ya chini, mlango unaokwama.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUPEWA PASIPOTI KABLA SIJAWA TAYARI

Pokea salamu za heshima, na baada ya salamu, samahani kwa mwandiko. Naandikia juu ya mkono wa kochi ambalo bado sijalimaliza, na sponji inabonyea kila ninapoweka nukta.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko nyuma ya ofisi yako. Ukifungua dirisha la chooni utaniona. Huenda jina langu hulijui, maana hapa mjini naitwa Kesho Kutwa. Jina hilo nililipata kihalali. Kwa miaka minane, kila aliyeniuliza, "Fundi, unakwenda lini kumwona binti yako huko ng'ambo?" nilimjibu, "Kesho kutwa, nasubiri pasipoti tu." Watu wakaniheshimu. Mtu anayesubiri pasipoti si sawa na mtu aliyekaa tu. Wote wawili wamekaa, lakini mmoja amekaa kwa sababu.

Jumanne wiki hii ofisi yako ilinipa pasipoti. Fomu niliileta Jumatano iliyopita. Nimehesabu kwa vidole, nikamwita na muuza chai wa hapo nje ahesabu kwa vyake, tukapata siku sita, tena Jumapili imo humo humo. Katika umri wangu huu sijapata kudhalilishwa na serikali kwa kasi ya namna hiyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemstaafisha Bwana Rudi Jumatatu bila kutushauri sisi wateja wake. Yule alikuwa afisa. Mwaka wa kwanza nilimpelekea fomu isiyo na picha, akaniambia nirudi Jumatatu. Mwaka wa pili nilipeleka picha nimevaa kofia iliyonishuka mpaka puani. Mwaka wa tatu niliweka sahihi nje ya kisanduku, na mwaka wa nne niliiweka juu ya jina la marehemu mama yangu. Hakuniangusha hata mara moja. Tulielewana bila kusemezana, kama watu waliocheza karata pamoja tangu utotoni: mimi nakosea, yeye anarudisha, mimi nashukuru, yeye anapiga miayo. Sikuwahi kutoka pale nimekasirika.

2. Mahali pake, dirisha la pili, mmemweka binti mmoja ambaye hata uji wa asubuhi nadhani anaunywa amesimama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, na mimi mwenyeji tangu hapo sili nikashiba.

Mwaka huu nilikuwa nimejiandaa kuliko miaka yote. Niliandika kwamba nimezaliwa tarehe thelathini Februari. Binti akaichukua fomu, akaisoma. Narudia, Ndugu Mkuu: aliisoma.

"Mzee wangu, Februari haina siku thelathini," akasema.

"Mwaka ule ilikuwa nazo," nikamjibu. "Zamani vitu havikuwa adimu."

Afisa mwenye malezi angenirudishia fomu yangu niende nyumbani. Yeye akainua simu, akampigia mke wangu, ambaye namba yake nilikuwa nimeijaza kama mtu wa kuarifiwa nikipatwa na janga. Kumbe janga lenyewe ndilo hilo. Nikamsikia mke wangu mpaka upande wa pili wa kioo: "Kumi na nne Agosti, mwanangu! Na hapo kwenye kimo mwangalie vizuri, mwaka jana alijaza futi mbili." Kikulacho ki nguoni mwako, changu kimenifulia hizo nguo miaka thelathini na moja.

Nikabakiwa na silaha moja, picha. Nilikuwa nimepigwa nimefumba macho, kwa makusudi na kwa gharama zangu mwenyewe. Binti akaitazama, akatoa kamera chini ya meza, akasema, "Mzee, hii pasipoti yako ya ujanani iliyomo kwenye faili mbona haina muhuri hata mmoja? Imeisha muda wake bila kuvuka hata mto?" Nikakodoa macho. Hapo hapo akapiga. Ndiyo picha iliyomo kwenye kitabu: nimetoa macho kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya kopo la sukari la jirani.

3. Benchi. Benchi refu la wateja wenu, lile jekundu, nimelivalisha mimi mara saba. Kila mwaka lilichakaa kwa haki yake, kwa sababu watu walikaa. Walikaa mpaka wakajuana, wakachumbiana. Dada mmoja alikuja akiwa mjamzito na akaondoka na mtoto anayeweza kushika mkoba wa mama yake. Sponji ilikuwa ikilala, springi zinatoka nje, naitwa. Jana nimepita kulichungulia. Halina hata mkunjo! Watu wanaingia, wanasimama dirishani kama wanaonunua vocha, wanatoka. Nauliza kwa unyenyekevu: mimi nile nini? Na yule muuza chai, ambaye zamani foleni yenu ilimmalizia birika nne kabla ya saa nne, sasa anakunywa chai yake mwenyewe. Amenenepa kwa huzuni.

4. Hili nililiandika, mke wangu akalisoma, kwa hiyo halipo tena.

5. Ugonjwa unaambukiza. Juzi pasipoti ilipofika, mke wangu alitoka nje akipiga kelele, "Pasi imetoka! Pasi imetoka!" Jirani yetu, mzee mtulivu kabisa, akadhani umeme umerudi, akakimbilia nguo zake za kunyoosha. Alipoelezwa kwamba ni pasi ya kusafiria, na kwamba imetoka kwa siku sita, akaziweka nguo chini. Kisha akavaa viatu, akaenda idara ya maji kuuliza habari za bomba lake. Miaka minne bomba lile halijatoa tone na hakuwahi kuliuliza! Jana kaenda tena, kafuatana na wenzake watatu. Mnauona moto mliouwasha, Ndugu Mkuu? Leo maji, kesho watauliza barabara. Keshokutwa mtu atasimama barazani adai kujua diwani anafanya kazi gani. Mji huu umeishi kwa amani kwa sababu hakuna aliyetegemea kitu.

Kuna jambo jingine, ambalo sikulipa namba kwa kuwa sijui kama linaihusu ofisi yako.

Binti yangu ni muuguzi. Siku aliyoondoka alikuja karakana kuniaga, begi mkononi, basi likimsubiri barabarani. Mimi sikutaka aende na nilikuwa nimeshalisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Sisi mafundi makochi misumari midogo tunaishika kwa midomo, ili mkono mmoja ushike kitambaa na mwingine nyundo. Alinikuta nayo kumi, kumi na miwili hivi. Akasema, "Baba, ndiyo naenda." Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kujibu, kila mtu anajua. Nikatikisa kichwa, nikaendelea kugonga. Akasimama. Nikagonga mpaka kitambaa kikaisha, nikaanza kugonga palipokwisha kugongwa. Dereva akapiga honi mara tatu, binti yangu akaenda.

Misumari ile ningeweza kuitema, Ndugu Mkuu. Ilikuwa kazi ya sekunde moja.

Tangu hapo anapiga simu kila Jumapili, na siku ile hajaitaja hata mara moja. Anauliza, "Baba, pasipoti?" Namjibu, "Bado, mwanangu." Anasema, "Haya, tutasubiri." Ndiyo mazungumzo yetu. Ameolewa, nikasema bado. Amejifungua, nikasema bado. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na mimi namjua paji la uso tu, kwa sababu mke wangu hajui kushika simu. Sasa nyinyi mmekuja kuniondolea hilo neno moja nililokuwa nalo, na hamkunipa jingine. Mkwe wangu alikata tiketi Jumanne ile ile, kabla sijamaliza kumlaumu mke wangu. Ni ya Alhamisi ijayo. Nitashuka pale, atakuwa amesimama, na mdomoni sitakuwa na kitu. Nitamwambia nini?

Kwa hiyo basi, naomba yafuatayo yatekelezwe bila visingizio. Pasipoti yangu, ambayo nimeiambatanisha na barua hii, ipokewe na kurudishwa katika hali yake ya asili ya kushughulikiwa. Nipewe Cheti cha Bado, chenye mihuri miwili, mmoja wa bluu, ambacho naweza kukipiga picha na kukituma ng'ambo. Yule binti wa dirisha la pili, ambaye sina ugomvi naye kama mtu, ahamishiwe zimamoto, ambako haraka yake itapata mahali pa kwenda. Bwana Rudi Jumatatu arejeshwe kazini. Nimemwona juzi akimwagilia maua yaliyokwishakufa, hana furaha. Na benchi likaliwe. Ikibidi, watumishi wako walikalie wenyewe kwa zamu.

Nisalimie walinzi wa getini, hasa yule anayelala mchana, maana ndiye pekee anayeshikilia desturi za zamani. Nisalimie mama wa masijala na miguu yake, nimesikia imevimba. Nisalimie kibanio chenu cha karatasi, ambacho miaka yote nimekiona kimefungwa kamba ili kisitembee. Hata binti wa dirisha la pili msalimie, ila asijue nimesema.

Ni mimi, mwananchi niliyehudumiwa kupita kiasi,

Fundi Makochi (Kesho Kutwa)

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Si Jumapili, nikashtuka. Ni binti yangu. Hakuuliza habari za pasipoti. Habari za tiketi anazo kwa mumewe, nadhani ameogopa kuuliza kama nitakuja kweli. Akasema, "Baba, nataka ushauri wako wa kifundi. Kochi letu limezama katikati. Tukikaa, mimi na mume wangu tunagongana vichwa, mtoto anateleza anapotelea katikati. Fundi wa huku amekuja kuliangalia, anasema tulitupe."

Nikamuuliza, "Mbao zake zimeoza?"

"Hapana, Baba."

"Zimepasuka?"

"Nzima kabisa."

"Na anasema mlitupe?"

"Ndivyo anavyosema. Gari la taka linapita Ijumaa ya wiki ijayo."

Ndugu Mkuu, nimefanya kazi hii miaka arobaini. Kochi lenye mbao nzima halitupwi. Anayelitupa hilo atatupa na mgonjwa mwenye mafua. Nikamwambia, "Mwambie huyo mtu asiliguse. Nafika Alhamisi." Kisha nikamsikia akimwambia mtu pembeni, "Anakuja," halafu akashindwa kuendelea. Na mimi nikashindwa. Tukakaa hivyo hivyo simu zetu zikiwa masikioni, wala hatukuona vibaya.

Kwa hiyo kule juu niliposema nimeambatanisha pasipoti, msiitafute ndani ya bahasha. Iko mfuko wa shati, na kifungo nimekishona upya. Malalamiko mengine yabaki kama yalivyo, isipokuwa la kwanza, la pili, la tatu na la tano.

Nina swali moja tu: sindano ya kushonea makochi, ile iliyopinda, yenye urefu wa kiganja na nusu, inaruhusiwa ndani ya ndege au niiweke kwenye begi la chini? Naomba nijibiwe leo hii hii kabla hamjafunga dirisha. Sipendi kucheleweshwa.