Viti Viwili kwa Watu Wanne

Jumatatu, 18 Novemba

Nimenunua gari! Nilitumwa kununua gari, kwa hiyo hadi hapo sijakosea. Lile letu la zamani, refu kama kabati, lilikataliwa kwenye ukaguzi. Mke wangu Natsue akanituma kwa Bessho, muuza magari yaliyotumika nyuma ya stesheni, nikatafute jingine dogo lisilokula mafuta. Hili ni dogo. Mafuta halili sana. Ni jekundu, la spoti, gia za mkono, lina paa la turubai la kukunja, na kwa umri ni kaka mkubwa wa binti yetu Chiyo. Bei ni ileile ya kigari cha kawaida. Bessho alisema halina ubovu, lina tabia zake tu. Nikamwambia hata mimi ninazo.

Natsue alitoka nje na aproni yake. Akalizunguka. Akauliza wengine watakaa wapi. Nyumbani tuko wanne: mimi, yeye, Chiyo, na mama mkwe wangu, Bi Fusae, ambaye ana magoti mabovu na tangu mumewe afariki hatoki ila kwenda kliniki. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mafuta, bima na kodi. Swali la viti sikulitarajia. Sijui kwa nini. Viti niliviona palepale kwa Bessho, viwili, na nikaona vinatosha.

Tumekubaliana (yeye kasema, mimi nimetikisa kichwa): hadi mwisho wa mwezi gari lifanye kila kazi ya lile la zamani. Likishindwa, linarudi kwa Bessho. Sina wasiwasi.

Jumanne, 19 Novemba

Kazini kwa gari la spoti. Nilikunja paa ili watu waone. Hapa mjini Joetsu mwezi huu wa baridi watu hawatazami nje, wamefunga madirisha na kuwasha hita. Aliyeniona ni mzee anayewavusha watoto barabara mbele ya shule. Alinisimamisha, akaniuliza kwa huruma kama paa limeharibika, akanipa mwavuli.

Kwenye kilima kabla ya njia ya reli gari lilizimika. Nikaliwasha, likazimika. Miaka mingi sijakanyaga klachi, na mguu wa kushoto umesahau kazi yake. Nyuma yangu foleni ilikuwa na adabu, hakuna aliyepiga honi. Afadhali wangepiga.

Kiwandani (tunatengeneza mchuzi wa soya, mimi niko ofisi ya vifungashio) Igarashi alikuwa amekwisha fika. Igarashi anakaa meza inayotazamana na yangu na kwa muda mrefu tumekuwa tukigombea dirisha, yeye alifunge, mimi nilifungue. Gari lake ni jeupe, refu, la milango ya kuteleza, unaweza kusimama ndani ukavaa suruali. Alisema alipoliona langu pale maegeshoni alidhani mtu kaangusha kitu. Ofisi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, halafu nikafungua dirisha lote makusudi.

Jumatano, 20 Novemba

Kazi ya kwanza: manunuzi ya wiki. Nilimpeleka Natsue sokoni, akakaa vizuri, nikaona mambo yanakwenda. Kwenda si tatizo. Tatizo ni kurudi na vitu. Kwenye buti mlikuwa na gurudumu la akiba na kitu cheusi ambacho Bessho hakunieleza ni nini. Nikaingiza tofu na mayai, pakajaa. Ukabaki mfuko wa mchele, figili kubwa nyeupe, vitunguu majani virefu na karatasi za chooni.

Nilifikiri haraka. Mchele nikaukalisha kwenye kiti cha abiria na kuufunga mkanda. Figili nikaibana ubavuni. Vitunguu vikatokea juu, paa likiwa wazi. Kila kitu kimeingia! Nikageuka kumwonyesha Natsue, na yeye alikuwa amesimama pale na pochi yake, akikitazama kiti chake.

Alirudi kwa basi. Mchele ulitangulia kufika.

Nilimkumbusha kwamba kazi imefanyika. Alisema ndiyo, imefanyika. Sielewi mtu anayekubali kwa sauti ile.

Alhamisi, 21 Novemba

Kliniki, na mama mkwe. Hili ndilo nililoliogopa. Kiti kiko chini mno, karibu na lami. Bi Fusae aligeuka, akajiachia, akapotea. Nikasikia kitu ambacho sikukijua mara moja. Alikuwa anacheka.

Mbele ya kliniki hakutaka kushuka. Aliniuliza kama barabara ya baharini bado ipo. Nikamwambia ipo. Akasema basi twende tukaione, magoti hayaendi popote. Nilikuwa na hoja nyingi za kukataa lakini gari lilikuwa tayari linakwenda. Tukakunja paa. Alifunga kitambaa kichwani, akatazama mawimbi njia nzima. Kwenye banda moja tukala ngisi wa kuchoma. Hapo akanishika mkono ninaobadilishia gia, akasema, “Mwanangu, kwenye magari mengine napandishwa kama mzigo. Humu nimekaa.”

Miadi ikapita. Tulikubaliana tuseme kliniki ilijaa watu. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini mezani Natsue aliuliza tu hali ya foleni, na mama mkwe akaeleza habari yote ya ngisi, pamoja na mchuzi wake. Miadi mipya ni Jumanne.

Natsue amekasirika kwa sababu mama hakutibiwa. Pia nilimwona jikoni anafuta macho kwa sababu mama alikuwa amekula. Sijui nitubu lipi.

Jumamosi, 23 Novemba

Sikukuu, na mvua. Paa linavuja upande wangu. Nikaweka taulo, likajaa. Nikavaa mabuti ya mpira, nikaona nimelimaliza tatizo, kumbe kwa mabuti siitofautishi klachi na breki. Nimeingia kwenye ua wa shule ya muziki ya Chiyo kwa kasi ambayo sikuichagua. Chiyo alikuwa amekumbatia cello yake, ile fidla kubwa, mapajani kama mtu anayeokolewa mafurikoni, na shingo ya cello ilikuwa inatazama mashine ya kulipia maegesho. Aliomba kesho nimshushe kona ya mbali. Nilidhani anaona haya kwa wivu wa wenzake. Hapana, anaona haya tu.

Halafu kuna taa nyekundu kwenye dashibodi, imeanza kuwaka. Nikaibandika plasta nyeusi. Haiwaki tena.

Jioni Natsue aliniwekea chai, akakaa. Aliniambia amefikiri sana, na hana ugomvi na gari. Kisha akasema, “Baba Chiyo, umenunua gari la mtu asiye na familia. Mimi nataka kujua tu, huyo mtu ni nani?”

Nilisema ni mimi. Nilitaka kutania. Haikutokea kama utani. Alikunywa chai yake, akaenda kulala, nami nikabaki nimeshika kikombe, najaribu kujua ni nini nimejibu.

Jumanne, 26 Novemba

Theluji. Mapema mno mwaka huu! Bessho aliniuzia gari na matairi ya kiangazi, yasiyoshika theluji, na fundi wa matairi ana foleni hadi Ijumaa. Lakini miadi ni leo, na Natsue alikuwa amekwisha kwenda zamu yake kwenye duka la dawa. Kabla ya kuondoka aliniambia nikiona barabara si nzuri niite teksi. Kuita teksi ni kushindwa.

Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo nyuma panatakiwa uzito. Nikachukua mawe ambayo mama mkwe anagandamizia achari zake kwenye mapipa, nikayapanga kwenye buti. Bi Fusae aliniuliza achari itakuwaje. Nikamwambia ipumzike.

Kilima cha reli tulikipanda nusu. Halafu nyuma ikataka kuwa mbele. Gari likazunguka taratibu, kwa heshima, mawe yakigongana kama mashua bandarini, likasimama kando ya barabara likitazama tulikotoka. Hatukugusa kitu. Mama mkwe akasema, “Fanya tena.”

Nilijaribu kuwasha. Kimya. Plasta ilikuwa bado mahali pake.

Na nani akatokea? Igarashi, na gari lake refu, magurudumu yote manne yanasukuma. Hakusema neno la dhihaka, jambo lililoniumiza zaidi. Akatoa kamba ya kuvutia. Akasema gari lililozimika breki yake ni nzito na njia inateleza, ashike yeye usukani wa langu, mimi niendeshe la kwake polepole. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kliniki.

Sasa niandike ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Kiti cha Igarashi kina joto. Kinapasha makalio! Kioo kikavu, miguu mikavu, hakuna kelele, unaona mbali. Nilitamani kliniki iwe mji mwingine. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona Igarashi ndani ya gari langu, theluji inamdondokea begani kupitia tundu la paa, anacheka kwa mdomo wote, na mama mkwe anamwonyesha kitu kwa kidole. Miaka yote ya kugombea dirisha sijapata kuona meno yake.

Tulipofika, Natsue alikuja mbio kutoka upande wa maduka. Hana koti, yuko na aproni ya kazini, nywele zimejaa theluji. Mteja alikuwa amemwambia gari jekundu limezunguka pale relini. Alimshika mama yake uso. Kisha akaja kwangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku kama anachagua tikiti sokoni. Gari hakulitazama kabisa.

Nilikuwa na sentensi tayari: kwamba kazi imefanyika, kwa sababu gari limefika kliniki, na hakuna aliyesema lifike kwa nguvu zake. Sijui kwa nini sikuisema. Nilimvalisha koti langu.

Ijumaa, 29 Novemba

Igarashi aliniita nje ya ofisi, kwenye mashine ya kahawa. Nikadhani ni habari za dirisha. Akakohoa. Akataka kujua kama gari langu ninaliuza. Nikamwambia Bessho ameliwasha tena, lakini linavuja, taa yake si ya kuaminika, na siku za theluji lina mawazo yake. Akasema anajua, alikuwemo. Nikamuuliza lake lina kasoro gani. Alikoroga kahawa ambayo haina sukari.

“Lile nililinunua kwa ajili ya watu,” akasema. “Watu wenyewe wameondoka. Binti yuko Nagoya, mama yake kamfuata. Naendesha viti.”

Nilimwambia aje Jumamosi tule hotpoti, mchemsho wa sufuria moja mezani, na tutabadilishana funguo.

Nilipompa Natsue habari alikaa chini palepale kwenye ngazi ya mlangoni. Nilifikiri atasema alijua tangu mwanzo, na ana haki. Alisema hotpoti ya watu watano itataka sufuria kubwa. Alikuwa anatabasamu. Nimeshinda? Nadhani nimeshinda. Sina uhakika ni nini.

Jumapili, 1 Desemba

Gari refu limekuwa letu. Leo tulikwenda wote sokoni, wanne, pamoja na mchele, na cello kwa majaribio. Chiyo ameniruhusu nimshushe mlangoni. Natsue aliegemea kiti chenye joto akafumba macho. Amani kabisa.

Ila mama mkwe. Amepandishwa vizuri, mlango ukateleza wenyewe, ngazi ikatoka yenyewe, naye akakaa juu kule kama mgeni. Nilimuuliza vipi. Akasema anaona mapaa ya watu. Jana Igarashi alimzungusha kidogo kabla ya chakula na akarudi na mashavu mekundu, lakini hawezi kumsubiri Igarashi kila siku. Jambo hilo limenikaa moyoni.

Halafu nimegundua kitu. Nimekunja viti vya nyuma na kupima, na humo ndani inaingia pikipiki nzima. Imesimama! Tena kule Itoigawa kuna bwana anauza pikipiki ya zamani yenye behewa la pembeni la kukalia abiria, liko chini, karibu kabisa na lami. Ina baridi kidogo, lakini kuna mablanketi. Nimempigia simu mchana, Natsue alipokuwa bafuni. Nitaifuata Jumatano.

Nilimnong'oneza mama mkwe. Hakuuliza bei wala haja yake. Aliuliza rangi.

Kosa la mwezi uliopita sasa naliona wazi, na ninaliandika hapa ili nisilirudie: magurudumu yalikuwa mengi mno.