Ombi la Kusimamisha Shikamoo Jumamosi Alasiri

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,

Shikamoo. Naomba uniwie radhi kwa kuanza na neno hilo, maana ndilo ninalolilalamikia.

Kwanza nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama anaamini kwamba tangu nimalize kidato cha nne ninajifunza kusuka nywele kule Mchikichini. Sijifunzi kusuka. Ninajifunza maigizo bubu, yaani kuigiza kwa mwili bila kutoa neno. Naiogopa sauti yangu, na nilipoambiwa kuna kazi ya jukwaani isiyoihitaji, niliona nimepata pangu.

Mwalimu Severine anatufundishia barazani pa duka la vitenge, hapa hapa Kariakoo, kwa sababu anasema anayeweza kunyamaza Kariakoo ataweza kunyamaza popote. Jumamosi ana kipimo. Atakayetamka neno hapandi jukwaani. Mimi nimeshafeli mara mbili na hii ndiyo nafasi ya mwisho. Sikufeli kwa uvivu. Nimefelishwa na wazee wa mtaa wako, kama ifuatavyo:

1. Bibi Sitara, muuza viungo. Nilikuwa nimebandika viganja kwenye ukuta usioonekana. Alisimama mbele yangu akangoja. Mheshimiwa, kijana aliyelelewa hawezi kumtazama tu mzee anayengoja kuamkiwa. Akaniuliza, "We Klara, ulimi umeuuza?" Nikamwamkia. Akaitika marahaba, kisha akapita katikati ya ukuta wangu.

2. Mzee Pantaleo, fundi cherehani. Siku hiyo nilijitwika ndoo ya maji, nayo haionekani. Nilipogeuza shingo kumwamkia, ndoo ikaanguka. Mzee alikunja suruali, akaruka maji, akasema, "Pole mwanangu, na maji yenyewe ya shida."

3. Nikahamishia mazoezi Upanga, ambako hawanijui. Mama mmoja, Shobhana kwa jina, akaniita kutoka ghorofani: "Wewe mtoto, shikamoo yangu iko wapi?" Ilibidi niipandishe mpaka ghorofa ya tatu.

4. Kuna siku nilijikaza nikanyamaza kweli. Kabla ya magharibi, mama alikuwa ameshaambiwa: "Binti yako amemaliza shule, na salamu pia amezimaliza." Mama alinizungusha mlango kwa mlango niwaamkie upya, wakiwemo ambao hawakuwa wamelalamika.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iwaelekeze wazee wapite mtaa wa pili Jumamosi alasiri. Kama ni mbali kwa wenye magoti, basi ofisi ipokee shikamoo zangu zote asubuhi, iwagawie. Nilifikiria pia kuomba nitangazwe kuwa mzee kwa muda wa kipimo, ila mzee naye hana budi kuitika marahaba, hivyo ombi hilo nimelifuta mwenyewe.

Nisalimie wazee wote wa mtaa, kila mmoja kwa jina lake, pamoja na wa nyumbani kwako. Salamu hizi zihesabiwe kuwa za Jumamosi.

Ni mimi binti yako, mtiifu na mnyamavu,
Klara Beno

Nyongeza: Sikukukuta ofisini, kwa hiyo barua inakufikia baada ya kipimo. Kumbe Mwalimu Severine alishamweleza Bibi Sitara, na Bibi Sitara akawaeleza wenzake. Jumamosi walipita kimya, macho mbele. Mzee Pantaleo alizunguka mbali ili asinitikise. Mwisho akapita Bibi Sitara mwenyewe na sinia lake la karafuu, kama vile pale barazani hapakuwa na mtu. Mheshimiwa, sijawahi kuumia vile. Niliitua ndoo taratibu, kama nilivyofundishwa, nikamkimbilia, nikamwamkia kwa sauti iliyowageuza watu wote dukani. Akasema, "Marahaba. Kumbe unayo."

Mwalimu ameandika kwamba nimefeli. Chini yake ameandika kwamba ndoo haikumwagika hata tone, na kwamba Jumatatu nije nijaribu kundi la wanaosema.

Ombi langu lichane. Ila mama bado anajua ninasuka. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo. Mpaka siku hiyo, tafadhali, jambo hili libaki kwako.