Beni Imenifikia Nikiwa na Mfuko Kichwani

Jamani, aibu ya leo ni kubwa kuliko mimi mwenyewe. Nawasimulia kabla mkwe wangu mpya hajawasimulia.

Asubuhi nimetoka Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, kwenda Beni, kwa mara ya kwanza, kuwaona wazazi wa binti ambaye mwanangu Kambale anataka kumuoa. Mama wa binti ndiye wa kuogopwa. Kambale alinionya: "Maman, ule mama anaangaliaka mutu kuanzia viatu." Sawa. Nikajipanga.

Lakini mimi Beni naijua kuwa safari ya siku nzima. Nimesukuma magari kwenye matope ya barabara ile tangu nikiwa msichana. Kwa hiyo nikavaa kama tunavyovaa: suruali kuukuu ya mume wangu, buti za shamba, mfuko wa plastiki kichwani (nimesuka jana, acheni). Valizi ya vitenge vizuri nikaitia ndani ya gunia tupu la makala, yaani makaa ya kupikia, tope lisiiguse. Juu yake mayai ya kuchemsha, maana njaa ya njiani haina huruma. Nikikaribia mjini nitashuka, nitanawa, nitavaa, nitaingia kama mama wa bwana harusi.

Gari ikaondoka. Nikasinzia. (Barabara imepitishwa greda. Kambale alinieleza, nikadhani ni maneno ya vijana.)

"Mama, tumefika," dereva akaniamsha.

"Wapi?"

"Beni. Kwenye mulango kabisa. Mutoto wako alinilipa nikufikishe hapa."

"Beni gani?"

Hata yai moja nilikuwa sijamenya. Geti likafunguka. Mwanamke mwenye gauni la kulalia na majivu mikononi akaniangalia. Akaanzia kwenye buti. Akapanda hadi kwenye mfuko.

"Ah, makala. Pitisha nyuma, mama. Leo tuko na bageni."

Ningejitambulisha, nikiwa vile? Nikasema tu, "Ndiyo, mama," nikabeba gunia langu. Nilipanga kujificha nyuma ya jiko, nivae, nizunguke, niingie upya kwa mlango wa mbele. (Akili nyingi huondoa maarifa.)

Akanifuata na beseni. Kabla sijafungua mdomo, ameshalishika gunia na kulipindua.

Mayai yakatangulia, yakabingirika hadi miguuni pa mume wake aliyekuwa akinyoa ndevu uani. Valizi ikafunguka. Vitenge. Viatu vya visigino virefu, talons. Nguo ya ndani nyekundu (msiniulize).

Yule mama akaokota kiatu kimoja, akakigeuza.

"Mama," akasema polepole, "hii makala inavalaka talons?"

"Mimi ni mama yake na Kambale."

Akajitazama: gauni la kulalia, majivu. "Mais... batu ya Butembo banafikaka magaribi." Kumbe naye alikuwa akihesabu kwa barabara ya zamani. Akaketi chini kati ya mayai, akacheka mpaka akalia. Nikaketi naye.

Nawaambia kweli, nashukuru. Yule mama wa kuogopwa amenichemshia maji ya kuoga na kunifunga kitenge kwa mikono yake. Tukamenya mayai pamoja jikoni. "Wasingya," nikamwambia, asante kwa lugha ya kwetu. Ningefika magharibi, kila mtu amependeza, tungeangaliana viatu mpaka usiku. Hata aliyeendesha greda Mungu ambariki.

Kambale amefika jioni, shati limepigwa pasi, akatukuta tumeegemeana. "Mumejuana wakati gani?"

"Mama yako alituletea makala," mkwe wangu akamjibu.

Tafadhali msicheke. Na wewe unayecheka sana, kumbuka: siku hizi kwako si mbali.